Dada wa Kwenye Simu

Miguu yangu inawasha. Ndivyo mama anavyosema kila akiniona nimesimama dirishani, na hakosei. Tulitoka Uvira nikiwa msichana mdogo, tukapita nchi ambazo leo nazikumbuka kwa vyakula vyake tu, mpaka tukafika Johannesburg, na hapo mama akafunga breki. Akapata cherehani, akapanga vyumba viwili mtaa wa Observatory, pale mteremko unapoanza kushukia Yeoville, akatangaza kwamba safari zake zimekwisha. Zangu hazikuwa zimekwisha. Hata ibada ya Jumapili huwa naimaliza nimesimama nje.

Wakati huo nilikuwa msaidizi katika shule ya chekechea Randburg, kazi ya kufuta pua za watoto wa watu kutwa nzima. Nilikuwa na binti yangu mwenyewe, mwaka mmoja na miezi minane. Baba yake alikwenda Cape Town kutafuta kazi, na kwa ninavyojua mimi bado anaitafuta. Ndipo rafiki yangu wa kanisani akaniletea habari za Denmark. Walikuwa wanataka watu wa kujitolea katika shule za watoto wadogo, miezi kumi na moja, unapewa chumba, chakula na kitu kidogo cha sabuni. Hakumaliza hata kueleza. Nilikuwa nimekwisha kumwomba anitumie fomu.

Niliijaza kwenye simu siku ile ile, nimesimama nje ya spaza, kiduka cha mtaani kwetu, nasubiri mkate. Jina, umri, kazi, dini. Kisha likaja swali kama nina mtoto anayenitegemea. Nilijua nikisema ninaye, habari yangu imeishia hapo. Nikaandika hapana. Nilijiambia ni neno moja tu, tena nimeliandika, sikulisema kwa mdomo. Mkate ukaja, nikalipa, nikarudi nyumbani nikamkuta mwanangu amekaa chini ya meza ya cherehani anachezea vipande vya vitambaa, akaninyooshea mikono.

Mama nilimwambia tu kwamba wamenikubali. Alinitazama, pini mdomoni, akasema niende basi nikachoke huko, nikirudi nikae. Nilimwachia mtoto, na kitenge changu cha bluu nilichokuwa nambebea mgongoni. Mama alikataa kukifua. Alisema mtoto atalala akisikia harufu yangu.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo, karibu na bahari, na upepo wake ulikuwa hauna adabu. Nilifika Agosti. Nilijifunza kuvua viatu mlangoni, kula mkate mweusi mzito unaohitaji meno ya kweli, na kuendesha baiskeli nikiwa mtu mzima mwenye makalio yake, nikianguka mbele ya watoto wa miaka sita wanaopita wakinisalimia. Nilijifunza kwamba mtu akikualika kahawa anatoa kalenda kwanza, na kahawa hiyo utainywa baada ya wiki tatu. Eish. Kwetu Observatory mtu anagonga tu, anaingia, anauliza kuna nini jikoni.

Watoto walikuwa wanalala mchana nje, kwenye vigari vyao vikubwa, wamejipanga ukutani. Agosti niliona ni kitu kizuri. Theluji ilipoanza nilidhani sasa watawaingiza ndani, na niliposikia kimya nikajua wamesahaulika. Nikaanza kuwaokoa. Nilikuwa nimekwisha kuingiza wanne, wote wanalia kwa kuamshwa, wakati mkuu wa shule alipotokea na kuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama kuna jambo limetokea. Nikamwambia kuna baridi. Akasema ndiyo, kuna baridi, akawarudisha nje mmoja mmoja. Hakunigombeza. Kusema kweli ningefurahi zaidi kama angenigombeza, maana ile sauti ya upole ilinifuata mpaka kitandani.

Huyu mkuu alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, nywele fupi za kijivu, anacheka kidogo lakini akicheka anacheka kweli. Alinipa ufunguo wa shule wiki ya kwanza. Ukisema unaumwa, hakuna anayetaka karatasi ya daktari. Ukisema umekwisha kuwahesabu watoto, hakuna anayewahesabu tena nyuma yako. Mimi nimekulia mji ambao hata ukisema jina lako wanakwambia toa kitambulisho, na nyumbani mlango wetu una makomeo matatu na bado mama anauegemeza kiti. Kule neno lako lilitosha. Ukiwa umedanganya, jamani, huo ni mzigo, kwa sababu hakuna hata mtu wa kukushuku ukakasirika.

Nilikuwa nampigia mama kwa video saa ya mapumziko. Siku moja, mwezi wa pili huko, nilipiga nikiwa jikoni mwa shule, nikidhani niko peke yangu. Uso wa mwanangu ukatokea, umejaa skrini nzima, akapaza sauti, "Mama!" Mpishi alikuwa nyuma ya mlango wa jokofu. Akageuka akitabasamu. Maneno mengine yote ya Kiswahili ungeweza kumwimbia yule mtu asielewe, lakini hilo moja kila binadamu analielewa. Akaniuliza kama ni mwanangu. Nikasema hapana, ni mdogo wangu, kwetu watoto wanamwita kila mwanamke mama. Hiyo ikawa mara ya pili.

Jioni nikampigia mama tena, safari hii kutoka banda la baiskeli. Nikamweleza kila kitu, mpaka fomu. Nikamwomba amzoeze mtoto kuniita dada, angalau kwenye simu, mpaka nirudi. Nilisikia cherehani imesimama. Mama hana haraka ya kukasirika, ila akifika huko hupaza sauti kidogo tu.

"Unamfundisha mtoto uongo kabla hajajua ukweli," akasema.

Nikamwambia ni miezi tisa tu iliyobaki. Akasema sawa, mtoto ni wako. Alimzoeza. Mama akifanya kitu hukifanya vizuri, hata kile asichokitaka, na ndani ya wiki mbili mwanangu alikuwa ananiita dada bila kusita, akicheka, akipeperusha mkono. Nilikuwa namjibu nami nikicheka, halafu nabaki kwenye lile banda naangalia magurudumu.

Shuleni kulikuwa na kasichana kamoja kenye nywele nyeupe kama unga wa muhogo, kamezaliwa mwezi mmoja na wangu. Nilikapenda mpaka aibu. Kalikuwa na tabia ya kutia mkono mfukoni mwa koti langu kutafuta karatasi ya kufutia pua, hata kama pua ni kavu. Kalikuwa pia hakaachi dami, ile chuchu ya mpira ya kunyamazishia watoto. Wazazi wake walikuwa wanahangaika kukaachisha, na mwezi Mei wakatangaza kwamba siku imefika. Tulialikwa, kwa kalenda bila shaka, twende bustani ya mji tukaagane na dami.

Sikuelewa mpaka nilipouona ule mti. Haki ya Mungu! Mti mzima umening'inizwa dami za watoto, mamia kwa mamia, zimefungwa kwa utepe mwekundu, wa bluu, wa njano, nyingine na picha ya mtoto, nyingine na barua yenye jina lake. Nyingine zimekaa mpaka mpira umekuwa mweusi. Na wazazi wamesimama chini wanapiga makofi. Kasichana kangu kakanyanyuliwa na baba yake, kakafunga dami na kibarua chake, kakaipungia mkono. Kila mtu akapewa keki.

Sasa niambie. Mimi nimelelewa kanisa ambalo kila Ijumaa tunaombea watoto ambao nguo zao zimefungwa mahali. Unyayo wa mtoto haupigwi picha hovyo. Nywele zikinyolewa zinakusanywa. Na hawa watu wamechukua kitu kilichokaa mdomoni mwa mtoto miaka miwili, chenye mate yake, wakakitundika mtini na jina juu, kila mpita njia akione. Keki niliiacha. Usiku wangu wote ulikuwa wa kugeuka geuka, nikiona kile kibarua kinavyocheza na upepo.

Kesho yake baada ya kazi nikapanda baiskeli mpaka bustanini. Nikakanyaga kiti cha baiskeli, nikakata ule utepe kwa mkasi wa shule, nikaitia dami mfukoni. Kisha nikaomba, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kanisani, nikimfungua yule mtoto katika kila kamba. Mzee mmoja akapita na mbwa wake, akanisalimia, nami nikamsalimia. Niliona nimefanya jambo la maana. Mpango wangu ulikuwa kumpa mama yake siri siri aitunze nyumbani kama vitu vya watoto vinavyotunzwa.

Sikuwahi. Asubuhi kasichana kakanikimbilia, kakatia mkono mfukoni kama kawaida, na kakatoka na dami. Mimi sijawahi kuona furaha ya namna ile. Kaliitia mdomoni, kakafumba macho, kakakaa chini pale pale sakafuni. Ilipofika saa ya kuitoa, kelele zake zilisikika mpaka barabarani. Kwa watu wanaomng'oa mtoto kwenye dami kwa wiki sita za mipango, mimi nilikuwa nimebomoa nyumba.

Tuliitwa kikao, mimi, mkuu, baba na mama wa mtoto. Kulikuwa na kahawa, na mshumaa unawaka mchana kweupe, jambo ambalo kwao ni urafiki na kwangu ni msiba. Nikaeleza. Nilieleza yote, kanisa, kamba, majina, maana nilijua nikificha nitaonekana mwizi wa chuchu, na hiyo kwa kweli ingekuwa sifa mbaya zaidi. Hawakucheka. Mama wa mtoto alikuwa ananiangalia machoni muda wote. Akaniuliza kama basi nilifanya vile kwa kumwogopea mwanawe. Nikasema ndiyo. Akasema kwamba usiku huo hakulala kwa hasira, lakini sasa anaona mtu aliyemwogopea mtoto namna hiyo anajua uzito wa mtoto.

Mkuu akainama mbele, akauliza kwa ile sauti yake, "Wewe unaye wako?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Sikuwa na wa kunifukuza mle ndani. Zilibaki wiki nane tu, na hawa watu walikuwa wametoka kunisamehe jambo kubwa kuliko hilo. Ningeweza kutoa simu nikawaonyesha uso wake. Nikasema hapana. Ilikuwa mara ya tatu, na mimi ni mtoto wa kanisani, najua mara ya tatu maana yake nini. Jogoo tu ndiye aliyekosekana. Mkuu akaitikia kwa kichwa, akaniamini, akanimiminia kahawa nyingine.

Jumamosi hiyo tukarudi mtini. Safari hii kasichana kalitaka mimi ndiye nikanyanyue, na nikakanyanyua, kakafunga dami yake kwa mara ya pili, nikapiga makofi na wengine.

Nilirudi Johannesburg Julai, baridi yetu ile kavu ya kupasua midomo. Mama alikuja uwanja wa ndege na mtoto mbavuni. Mwanangu alikuwa amerefuka, miguu inaning'inia mpaka magotini mwa mama. Aliponiona aliruka ruka kwa furaha, akaita, "Dada!" Watu wakatabasamu. Nikamkumbatia, nikacheka, nikalia, na nikajiambia hilo litaisha ndani ya wiki moja.

Halikuisha. Nilimwambia mimi ni mama, akanikatalia kwa adabu. Alikuwa anajua vizuri dada ni nani. Dada ni wa kwenye simu, anacheka, anaaga. Bibi ni bibi. Na mama ni mwenye kitenge. Kila jioni mama yangu alikuwa amemlaza na kile kitambaa cha bluu akimwambia hii ni ya mama, mama atakuja, na mtoto akakipenda kitenge mpaka chenyewe kikawa ndiye mama. Alikuwa anakitafuta akianguka. Alikuwa anakipa chai. Mimi nipo mzima, nimekaa kitandani pale pale, na mwanangu ananipita anakwenda kukumbatia nguo yangu kuukuu. Nilikionea wivu kitambaa. Siku moja nilikinyakua nikataka kukitia majini na sabuni ya unga, mama akanishika mkono.

Miguu ikaanza. Mchana nilikuwa nashuka mpaka Yeoville bila shughuli, napandisha tena. Kuta, waya, makomeo, kila kitu kilinikaba. Katikati ya Agosti ikaja barua pepe kutoka kwa mkuu. Wananitaka tena, mwaka mzima, nianze Oktoba. Nijibu kufikia Ijumaa, fomu ameiambatisha. Nilimsomea mama huku anashona gauni la harusi. Hakuinua kichwa.

"Fomu ni ile ile?" akauliza.

Nikasema ni ile ile. Akazungusha gurudumu, akakata uzi kwa meno, akaniomba nikamchukue mtoto shule siku hiyo kwa sababu bibi harusi anakuja kupima. Ilikuwa Alhamisi.

Shule yenyewe iko mitaa mitatu tu, nyumba ya zamani yenye geti la chuma. Mwalimu ni mama wa Kizulu mnene, mtaratibu, aliyekwisha kulea watoto wetu wengi mpaka maneno yetu ya nyumbani anayajua. Aliangalia orodha yake. Kwenye orodha kulikuwa na bibi tu. Nikamwambia mimi ni mama yake. Akaniomba cheti cha kuzaliwa, nikawa sina. Nilikuwa nimetoka na simu na funguo tu, kama Mdenmark. Akasema hamjui mama wa huyu mtoto, amesikia yuko ng'ambo. Nikapandisha sauti. Nikamwambia nimemzaa kwa uchungu wa siku mbili, aulize mtaa mzima. Akasema hatauliza mtaa, atamwuliza mtoto.

Akamwita. Mwanangu akaja anakimbia, begi linampiga mgongoni, akanitabasamia kupitia nondo. Mwalimu akamwuliza huyu ni nani.

"Dada," akasema, bila hata kufikiri.

Mwalimu akamwuliza, na mama je? Mtoto akamshangaa kidogo kwa swali la ajabu hivyo, akamjibu, "Mama iko nyumbani. Kitandani."

Mwalimu hakunitukana. Alifunga komeo la pili tu. Mahali ambapo nilidanganya mara tatu, waliniamini mara tatu na kunimiminia kahawa. Hapa nimesema kweli mara moja, na geti limefungwa, na aliyelifunga yuko sahihi. Nilikaa ukingoni mwa barabara nikampigia mama simu, nikashindwa kueleza kwa kilio, akaelewa hivyo hivyo.

Alimwacha bibi harusi na pini mwilini. Alikuja kwa miguu, futi ya kupimia shingoni, na mfuko wa plastiki mkononi. Akamwambia mwalimu mimi ndiye, akaomba kalamu, akaandika jina langu kwenye orodha juu ya lake. Geti likafunguliwa. Kisha akapiga magoti pale kwenye lami, na magoti ya mama si ya kupigwa hovyo, akatoa kitenge mfukoni akampa mtoto. Akamwambia anuse. Mtoto akanusa. Akamwambia sasa amnuse huyu.

Niliinama. Mwanangu akaweka pua yake shingoni mwangu, akavuta pumzi. Akarudi kwenye kitenge. Akarudi shingoni. Alichukua muda wake, uso umekunjwa, na mimi nilikuwa naogopa hata kumeza mate, maana nilikuwa bado natumia ile sabuni ya kule.

"Ndiye?" mama akamwuliza.

"Bado," akasema.

Nikambeba mgongoni kwa kile kitenge, mkubwa vile vile, tukapandisha mlima sote watatu. Kwenye robot, zile taa za barabarani, aliniuliza kama kesho nitakuja tena. Nikamwambia nitakuja.

Ijumaa nilimwandikia mkuu kwamba sitaweza, nina mtoto. Alijibu saa ile ile. Alifurahi, akanipongeza kwa moyo wote, akauliza ana siku ngapi na kama analala vizuri. Nilikaa na ile barua mchana kutwa. Kisha nikamjibu kwamba ana miaka mitatu kasoro miezi miwili, na kwamba siku ile mkuu aliponiuliza tukinywa kahawa, mtoto tayari alikuwepo. Huo ukweli haujapata majibu mpaka leo, wala simlaumu.

Miguu bado inawasha, sitaki kusema uongo mwingine. Ila kila siku saa nane na nusu inanipeleka mitaa mitatu. Mwalimu amelifanya jambo hilo utani wetu. Kabla ya kufungua anamwuliza mtoto kama huyu amekuwa mama leo. Mtoto ananitazama kuanzia viatuni, anasogea, ananusa mkono wangu kupitia nondo.

"Bado," anamwambia, na ananipa begi lake nimbebee.